Karthala Ikiamka, Maji Yatoke Wapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Volkano za Visiwani

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Comoro, na mlima wake wa volkano. Karthala ina mita 2,361, imekalia sehemu kubwa ya kusini ya kisiwa, na kati ya Aprili 2005 na Januari 2007 ililipuka mara nne. Wasomaji wenye jamaa Moroni, Fumbuni na Mitsamihuli wanataka kujua la kufanya kabla haijalipuka tena. Wengine wameuliza kuhusu visiwa vya mbali zaidi, na tumewajibu pia, maana watu wa Tonga na Vanuatu wamepitia mambo ambayo Ngazidja ingefaa kuyajua mapema.

SWALI: Assalaam aleikum. Mama yangu mdogo anaishi kijiji cha juu ya Moroni na wanategemea birika la maji ya mvua. Mwaka 2005 majivu yaliingia birikani wakahangaika kupata maji ya kunywa. Safari ijayo afanye nini? — Msomaji wa Ng'ambo, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam. Umeanza pale penyewe. Ngazidja haina mto unaotiririka mwaka mzima, kwa sababu mawe yake yana matundu na mvua ikinyesha maji huzama chini. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Ndiyo maana mlipuko wa Novemba 2005 uliwaumiza watu wengi kwa kiu kuliko kwa moto: majivu yalitua juu ya paa, mvua ikayasukuma hadi birikani.

Piga hesabu ya paa la mita za mraba 60. Majivu ya unene wa milimita 1 tu juu ya paa hilo ni lita 60, yaani ndoo tatu kubwa, na uzito wake ni kama kilo 60. Yote hayo yanangoja mvua ya kwanza. Hivyo kazi ya kwanza, tena ya dakika tano, ni kulitenganisha bomba linaloshusha maji kutoka kwenye gata kwenda birikani. Lifanywe kabla majivu hayajafika, mara tu tangazo la tahadhari linapotolewa au mlima unapoonekana kutoa moshi mzito. Bomba lililogandishwa kwa simenti halitoki kwa haraka, kwa hiyo mwambie fundi aweke kiungo cha kuchomoa kwa mkono, au kipande cha mpira kilichobanwa kwa klampu. Mdomo wa birika nao ufunikwe kwa turubai lililofungwa kwa kamba pande zote. Mfuniko wa mbao wenye nyufa hauzuii vumbi laini.

Majivu yakishatua, paa lifagiliwe kwanza, kisha lioshwe kwa maji kidogo, na bomba libaki limetenganishwa. Mvua ya kwanza imwagike chini. Kinga glasi chini ya gata: maji yakiwa bado na rangi, au yana ukakasi mdomoni, usirudishe bomba. Wapo wanaolirudisha baada ya manyunyu ya kwanza kwa kuogopa kupoteza maji, na kwa kufanya hivyo huharibu lita 5,000 walizokuwa nazo ili kuokoa 200.

Na yakishaingia? Msiyakoroge. Acheni birika litulie siku moja au mbili, kisha choteni juu kwa ndoo, si kwa bomba la chini ambako tope limekaa. Majivu mapya hubeba chumvi za asidi, salfeti na floraidi zinazoyeyuka majini. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi hata chembe. Kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Wasomaji wa Arusha na Meru wanajua floraidi inavyofanya meno, na huko ni ya miaka mingi ya kunywa kidogo kidogo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Bila kipimo, shikeni kanuni hii: maji yenye ladha chachu au ya chuma yasinywewe wala kuchanganyiwa maziwa ya mtoto, lakini yanafaa kufulia na kusafishia.

Kuhusu klorini, maji yenye uchafu huimaliza nguvu kabla haijagusa vijidudu. Yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo mtie dawa. Kwa dawa ya kufulia isiyo na manukato, ambayo chupa yake imeandikwa asilimia 5, ni matone 2 kwa lita, yaani matone 40 kwa dumu la lita 20. Subirini nusu saa. Harufu hafifu ya klorini iwepo. Isiposikika, rudieni kipimo kile kile mara moja na msubiri tena. Shabu husaidia kuzamisha tope, ila katika maji yenye asidi nyingi haifanyi kazi vizuri na yenyewe huongeza ukali. Birika la saruji lina afadhali hapo, kwa kuwa saruji hupunguza asidi kidogo kidogo. Tangi la bati hufanya kinyume, asidi hula zinki ikaingia majini.

Akiba ya kando ndiyo kinga hasa. Familia ya watu 8, kwa lita 5 kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia, kwa siku 14, inahitaji lita 560. Hayo ni madumu 28. Ni mengi, tunajua. Yajazwe polepole wakati wa mvua na yakae kivulini. Wiki mbili si namba ya kubahatisha: majivu yakifunga uwanja wa ndege wa Hahaya, msaada utakuja kwa meli, na meli hupakiwa, husafiri na hushushwa.

SWALI: Nyumba yetu ina paa la mabati la zamani. Je, majivu yanaweza kuliangusha? Na tuyaondoe vipi? — Msomaji wa Moroni

JIBU: Yanaweza, na maji ndiyo huyasaidia. Sentimita 1 ya majivu makavu ina uzito wa kilo 5 hadi 13 kwa kila mita ya mraba. Yakilowa hufika 20. Kwenye paa la mita 60 za mraba, sentimita 5 zilizolowa zinakaribia tani 6. Boriti iliyoliwa na mchwa haingoji zifike hapo. Kwa majengo dhaifu, hesabuni sentimita 10 kuwa mpaka wa kulala mahali pengine, na chini ya hapo kama mnasikia mbao zikilia.

Mlipuko ukipungua na mvua haijaja, ndio wakati wa kupanda. Hapa tunasisitiza, maana katika nchi nyingi wanaoumia kwa majivu huumia kwa kuanguka kutoka juu ya paa wakati wa kusafisha. Majivu yanateleza kama mchele mbichi sakafuni. Pandeni wawili, mmoja ashike ngazi, anayepanda afungwe kamba iliyopita upande wa pili wa paa na kukazwa kwenye kitu kisichong'oka. Asimame juu ya misumari, palipo na boriti chini. Anyunyize maji machache tu ya kulaza vumbi, asimwage ndoo. Aondoe kidogo upande huu, kidogo upande ule. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, uzito wa ule mwingine unaweza kulipindua paa. Gata huvunjika kabla ya paa, hivyo kama mna bisibisi na muda, ishusheni mapema.

Majivu yasitupwe mtaroni. Hugandamana huko, na mvua kubwa ikija maji yatapita sebuleni. Wekeni rundo mahali palipokubaliwa na kijiji, mbali na bonde, mlifunike kwa udongo. Majivu ya 2005 yaliyobaki juu ya miteremko ya Karthala yaliteremshwa na mvua za miaka iliyofuata yakiwa tope, na vijiji vilivyo midomoni mwa mabonde viliyaona. Kwa maneno mengine, mlima ukinyamaza, bonde bado halijanyamaza.

SWALI: Kitambaa kilicholoweshwa puani kinatosha? — Mama wa watoto wanne, Tanga

JIBU: Hakitoshi, na kulowesha hakuongezi kitu. Barakoa ya FFP2 au N95 iliyokaa sawasawa usoni ndiyo yenye faida; ndevu zikizuia isigande, faida imekwenda. Barakoa ya hospitali inafuata, hasa ukiikaza kwa kitambaa juu yake. Leso ni afadhali ya kukosa kabisa. Watoto wadogo hawana barakoa inayowatosha vizuri, kwa hiyo dawa yao ni kukaa ndani, nguo mbichi zikizibwa chini ya milango, na wasiwepo karibu mtu anapofagia. Mwenye pumu awe na dawa ya kuvuta ya mwezi mzima. Lenzi za machoni zitolewe.

SWALI: Hapa Goma tuna mazuku, hewa ya mashimoni inayoua mbuzi na watu bila moshi wala harufu. Nimesoma kwamba Karthala nayo iliwahi kuua kwa gesi. Ni kitu kimoja? — Msomaji wa Goma

JIBU: Ndugu yetu, mnayoyajua nyinyi wa Goma yangefaa kufundishwa Comoro. Mwaka 1903 watu 17 walikufa Ngazidja kwa kukosa hewa baada ya gesi kutoka mlimani. Mazuku ya kwenu ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala mashimoni na kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri upepo usipovuma. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwenye volkano yoyote.

Kwa mkulima au mchungaji wa Karthala maana yake ni hii. Usilale shimoni wala ndani ya pango la lava, hata mvua ikinyesha. Ukiona ndege, panya au wadudu wamekufa pamoja mahali pa chini, rudi ulikotoka kwa kupanda, si kwa kuzunguka chini. Mtoto na mbuzi hufa kabla ya mtu mzima kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Anayeanguka asifuatwe shimoni: hewa ya ukaa ikizidi asilimia 10 huweza kumwangusha mtu kwa dakika moja au chache, na mwokoaji huanguka juu ya aliyetaka kumwokoa. Avutwe kwa kamba au ndoano kutoka juu. Barakoa haizuii gesi hii. Kupima kwa kibatari tunakukataza pia. Moto unapozimika, wewe tayari uko katika hatari, na gesi nyingine za volkano huua bila kuzima moto.

Gesi ya salfa ni habari nyingine. Hiyo inanuka, inachoma macho, hubanwa na upepo upande mmoja wa kisiwa, na huwasumbua zaidi wenye pumu. Kuhamia upande unaotoka upepo hutosha mara nyingi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa jiografia Dodoma. Kwa nini wataalamu wasitabiri tu siku ya mlipuko, watu wakahama? Na kisiwa maskini kinahitaji mitambo gani kwa uchache? — Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Siku haitabiriki. Kinachowezekana ni kuona kwamba mlima umebadilika: matetemeko madogo yanaongezeka, ardhi inafura, gesi inabadilika. Kutoka hapo hadi mlipuko panaweza kuwa na miezi, au saa chache, au pasiwe na mlipuko kabisa. Volkano za aina ya Karthala zina lava nyepesi, na lava nyepesi hupanda haraka.

Ngazidja ina kituo chake cha uangalizi tangu 1988, chini ya taasisi ya utafiti ya CNDRS mjini Moroni. Mitambo ya msingi ni vipima tetemeko. Vinne ndio uchache wa kuweza kukadiria tetemeko limetokea wapi na kwa kina gani, kwa sababu kuna mambo manne ya kutafuta: mahali kwa namba mbili (latitudo na longitudo), kina, na saa. Kikibaki kimoja, utajua mlima unatikisika bila kujua kama ni chini ya kasoko au chini ya kijiji. Baada ya hapo vinafuata vipokezi vya GPS vya kupima ardhi inavyosogea.

Kununua si kazi. Kazi ni kuviweka hai. Kilele kina mvua na radi, pwani ina chumvi inayokula viungo vya nyaya, betri huibwa, na paneli za sola hufunikwa na majivu siku ile ile unayozihitaji. Kisiwa kinachotegemea fundi aje kwa ndege na kifaa chake mkononi kitakaa miezi bila data. Kwa maoni yetu, bajeti yenye busara hununua mtambo mmoja pungufu na badala yake huweka ghalani betri, vidhibiti vya chaji, nyaya na antena za akiba, na hufundisha vijana wawili wa hapo hapo kubadilisha.

Setilaiti zimesaidia sana. Rada yake hupenya mawingu na huonyesha ardhi iliyofura kwa sentimita chache. Nyingine hupima gesi ya salfa kila siku. Lakini rada hurudi baada ya siku kadhaa, na msitu mnene huivuruga. Haichukui nafasi ya kipima tetemeko kinacholia saa nane usiku.

Na ishara isiyo na mpango ni kelele. St. Vincent, katika Karibi, lava ilianza kutoka taratibu Desemba 2020. Tarehe 8 Aprili 2021 serikali iliamuru watu wa kaskazini wahame. Asubuhi ya tarehe 9 mlima ukalipuka. Milipuko ile haikuua mtu. Mlima ule ule mwaka 1902 uliua watu wapatao 1,600. Mitambo ilifanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ilifanywa na watu waliokuwa wanajua wanahamia shule gani, kwa gari la nani.

SWALI: Mimi ni nahodha wa boti. Kisiwa kidogo chenye volkano, boti za uvuvi peke yake zinaweza kuhamisha watu wote? — Nahodha, Mtwara

JIBU: Nahodha, swali lako ndilo wapangaji wengi hulikwepa kwa kuandika "watu watahamishwa kwa bahari" na kufunga faili. Tulifanyie hesabu.

Chukua kisiwa cha kufikirika chenye watu 600 na boti 12, kila moja ikibeba abiria 8 kwa usalama, na kisiwa cha jirani kilicho mwendo wa saa moja na nusu. Safari moja ya boti zote hubeba watu 96. Zinahitajika safari 7. Kwenda na kurudi ni saa 3, na safari ya mwisho hairudi, hivyo ni saa 19 na nusu bila kupumzika, bila kupakia, bila mashine kuharibika. Kwa kweli ni siku mbili. Sasa petroli: mashine ya nguvu 40 ikienda kwa kasi hunywa kama lita 15 hadi 20 kwa saa. Kwa saa 19 na nusu, boti moja inataka lita 290 kwa uchache, na boti 12 zinataka zaidi ya lita 3,500. Kisiwa cha watu 600 kina duka lenye mapipa mawili. Umeona tatizo lilipo: boti zipo, mafuta hayapo.

Kwa hiyo mpango wa kweli una vitu vinne. Akiba ya mafuta iliyofungwa kwa kufuli, inayouzwa na kujazwa upya kila miezi mitatu kwa sababu petroli huchacha. Orodha ya boti zinazofanya kazi leo, si zilizosajiliwa. Gati mbili au fukwe mbili pande tofauti za kisiwa, kwa kuwa upepo wa kusi ukifunga moja nyingine huwa shwari. Na kuanza mapema na wanaochelewa: wagonjwa, wajawazito, wazee, watoto na walezi wao, wakiondoka mlima ukiwa bado katika tahadhari ya kati. Ukiwaacha mpaka amri ya mwisho, ndio watakaojaa ufukweni wakati bahari imechafuka.

Jambo jingine la fani yako. Baadhi ya volkano humwaga mawe mepesi yanayoelea, yakafunika bahari kama zulia. Mashine inayopozwa kwa maji ya bahari huyavuta, tundu la kuingizia maji huziba, mashine hupata joto na kufa. Mwaka 2021 bandari za wavuvi za Okinawa, Japani, zilikwama hivyo kwa mawe ya mlipuko uliotokea mbali sana, chini ya bahari. Beba chujio la akiba na waya wa kuzibulia, punguza mwendo, na ukiona maji ya kupozea hayatoki nyuma, zima mara moja.

Visiwa vilivyofanikiwa vilikuwa na chombo karibu. Heimaey, Iceland, usiku wa 23 Januari 1973, ardhi ilipasuka pembeni mwa mji wa watu wapatao 5,300. Dhoruba ya siku iliyotangulia ilikuwa imezizuia boti za uvuvi bandarini, na karibu wote waliondoka usiku ule ule. Ile ilikuwa bahati. Tristan da Cunha, kisiwa cha katikati ya Atlantiki, Oktoba 1961 wakazi 264 walivushwa kwa vyombo vya uvuvi hadi kisiwa cha jirani cha Nightingale, kisha meli ikawachukua hadi Cape Town na mwishowe Uingereza. Wengi wao walirudi 1963.

Kurudi ndiko kunakosahaulika. Ambae, Vanuatu, ilihamishwa yote Septemba 2017, watu kama 11,000, baada ya tahadhari kupandishwa hadi daraja la 4 katika ngazi ya 0 hadi 5. Wakarudi baada ya wiki chache. Mwaka 2018 majivu yalizidi, mashamba yakafa, wakaamriwa kuondoka tena. Mpango usioonyesha watu watakula nini wakirudi ni nusu ya mpango.

Kwa Ngazidja yenyewe, habari ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Kisiwa ni kikubwa. Kaskazini kuna mlima mpana wa La Grille ulio mbali na kilele cha Karthala. Mara nyingi kuhama ni kwa barabara, kutoka kusini na magharibi kwenda Mitsamihuli na jirani zake. Hatari ni barabara yenyewe. Lava ya 1977 iliyofunika kijiji cha Singani ilitoka ubavuni mwa mlima, si kileleni, ikateremka hadi baharini. Mto wa lava ukikata barabara ya pwani, walio upande wa pili wamekuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Kwao hao, boti za kijiji na ufukwe uliokubaliwa ndilo jibu.

SWALI: Simu zikikatika, taarifa zitapita wapi? — Msomaji wa Mombasa

JIBU: Tonga walijibu swali hili kwa shida. Volkano ya Hunga Tonga ilipolipuka 15 Januari 2022, mkongo wa mawasiliano wa baharini ulikatika, na nchi ilikaa wiki tano hivi kabla ya mkongo wa kimataifa kurudi. Visiwa vya nje vilisubiri mkongo wao zaidi ya mwaka. Uwanja wa ndege ulifunikwa na majivu, yakasafishwa kwa ufagio na koleo kabla ndege za msaada kutua.

Kijiji kinahitaji tabaka tatu. Redio ya kawaida ya betri katika kila nyumba kumi, kusikiliza. Redio ya VHF ya baharini, yenye antena juu ya msikiti au shule, kuzungumza na boti na vijiji vinavyoonekana. Inafika mbali kadiri antena ilivyo juu. Na simu moja ya setilaiti kwa mkuu wa kijiji, iliyolipiwa. Simu hizi hufanya kazi nje, mbingu ikiwa wazi, si chini ya bati, na muda wake wa maongezi huisha bila kuaga. Ipigwe kila Ijumaa baada ya sala, kwa namba ile ile, kwa dakika moja. Usiku wa dharura si wakati wa kujifunza nambari ya siri.

SWALI: Volkano mpya ya chini ya bahari karibu na Mayotte inaweza kutuletea tsunami huku kwetu? — Msomaji wa Kilwa

JIBU: Fani Maore iligunduliwa Mei 2019, kilomita 50 hivi mashariki mwa Mayotte, baada ya mwaka mzima wa matetemeko. Ina kimo cha kama mita 800 lakini imekaa kwenye kina cha mita 3,500, na kwa kina hicho lava yenyewe haiinui wimbi la kutisha. Kinachoangaliwa zaidi ni miteremko ya chini ya bahari karibu na Mayotte, isije ikaporomoka. Desemba 2018, huko Indonesia, ubavu wa Anak Krakatau uliporomoka baharini, wimbi likaua zaidi ya watu 400 ambao hawakuhisi tetemeko lolote la kuwatahadharisha.

Kwa hesabu ya mwendo wa wimbi katika kina kirefu, kutoka Mayotte hadi pwani ya Mtwara ni karibu saa moja. Wakazi wa Mayotte wenyewe wana dakika tu. Kwenu Kilwa saa hiyo inatosha kama mtu hakuitumia kupiga picha bahari iliyokauka. Maji yakirudi nyuma kuliko bamvua, au bahari ikinguruma bila upepo, pandeni juu mkae huko saa kadhaa. Wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote.

SWALI: Na mifugo na migomba? — Mkulima, Pemba

JIBU: Majivu ya chini ya sentimita 1 au 2 huoshwa na mvua, na mengine huchimbiwa ardhini. Migomba huvunjika majani kwa uzito. Kata majani yaliyolemewa, shina litachipua. Muhogo na viazi vikuu vilivyo ardhini husalimika, vimenywe na kuoshwa vizuri. Mboga za majani zilizo tayari vuneni kabla.

Mbuzi ana hatari zaidi kwa sababu anakula majani na majivu pamoja, na floraidi humdhuru haraka. Afungiwe, apewe kwa siku kilo 4 hadi 5 za majani mabichi yaliyokatwa mapema au kuoshwa, na maji yaliyofunikwa. Kila kijiji kiwe na mahali pa kupeleka mifugo nje ya eneo la hatari. Hili si jambo dogo: Montserrat, kisiwa cha volkano katika Karibi, Juni 1997, watu 19 waliuawa ndani ya eneo lililokwisha kufungwa, na baadhi yao walikuwa wamerudi kuangalia mashamba. Mtu asiye na pa kuweka ng'ombe wake hatatii kamba ya polisi.

SWALI: Sisi Wangazija wa Dar na jamaa zetu wa Marseille tunataka kuchangia mapema. Tununue nini? — Jumuiya ya familia, Kariakoo

JIBU: Maji ya chupa hapana, nauli itazidi thamani. Maziwa ya unga ya watoto hapana, yanahitaji maji safi ambayo hayapo. Pelekeni barakoa za FFP2, maturubai mazito, viungo vya kuchomoa vya mabomba ya gata pamoja na klampu, vidonge vya klorini vyenye tarehe ndefu, na vijikaratasi vya kupimia asidi na floraidi. Vijikaratasi mia moja vinaingia bahasha moja na vitaokoa mabishano mengi kuhusu birika la nani linanyweka. Fedha za petroli na fundi ziwekwe kwa kamati ya kijiji huko huko. Mzigo mzito utumeni wakati wa matlai, kusi ikishalegea, na uwe ghalani kabla ya Novemba, mvua na vimbunga vinapoanza.